Dawa Iliyofia Njiani Kwenda Piyaya

Ipo asubuhi moja, mwanangu, nikiikumbuka hata sasa vidole vyangu hupata baridi. Ukungu wa msitu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka mpaka Karatu mjini, umelala juu ya barabara kama ng'ombe aliyekataa kuinuka, na mahali fulani ndani yake lori la serikali lilikuwa linaunguruma bila kuonekana. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa wakulima wa Kimbulu wa Baray, mhudumu wa afya niliyetoka mafunzoni juzi tu. Shati langu lilikuwa jeupe, limepigwa pasi ya mkaa. Begani nilining'iniza kisanduku cha buluu. Ndani yake mlikuwa na barafu iliyofungwa kwenye mifuko ya nailoni, na katikati ya barafu chupa ndogondogo za chanjo ya surua.

Aliyenikabidhi kisanduku kile alikuwa Mama Paskalina, muuguzi mkuu wa zahanati yetu, mama wa Kinyaturu kutoka Singida ambaye mumewe alikuwa kibarua katika mashamba ya kahawa. Hakuwa mwongeaji. Siku ile aliongea.

"Bura, nitazame. Dawa hii ni hai. Ikipata joto inakufa, na ikifa haibadiliki rangi wala hainuki. Kifuniko hukifungui mpaka umefika Piyaya, umekaa kivulini, na mtoto wa kwanza yuko mapajani mwa mama yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Barafu ikiisha njiani, rudi. Usione haya. Nitakupa nyingine. Lakini usimdunge mtoto maji ukamwambia mama yake umemkinga."

Niliitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye lori. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakutuambia kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mwingine kabisa.

Lakini kwanza nikueleze mambo yalivyokuwa, maana ninyi mmezaliwa barabara zikiwepo. Miaka ile ukifika zahanati ya serikali hukuulizwa una nini mfukoni. Uliulizwa unaumwa wapi. Lilikuwa jambo kubwa, na sisi vijana tulilisema kwa majivuno kana kwamba tulilibuni wenyewe. Ila zahanati yenyewe ilikuwa wapi? Mama wa Karatu alimbeba mtoto wake, akatibiwa, akarudi kabla maharage hayajaiva. Mama wa Piyaya alitembea siku tatu. Sasa niambie, mwanangu: tiba ya bure iliyo mbali mwendo wa siku tatu, kwa mtoto anayewaka homa, ina tofauti gani na tiba isiyokuwepo? Ndiyo maana ikaamuliwa watoto wachanjwe hukohuko waliko, hadi boma la mwisho kabisa. Na aliyetumwa ni mimi.

Lori lilipanda ukingo wa kreta tukiwa ndani ya weupe mtupu. Juu kabisa ukungu ulipasuka, nikaliona bonde lote limelala chini yetu, kijani na buluu, na ziwa lake likimeta kama kitu kinachopumua. Nilihisi naota, na ndani ya ndoto najua kuwa naota. Kisha tukateremka upande wa pili, kwenye nyanda za Olbalbal, ambako hewa hugeuka na jua huwa jua kweli. Pale lori lilinishusha. Saitoti alikuwa ananisubiri na punda wake. Alikuwa mtu wa Piyaya, rika langu, aliyemaliza darasa la saba na kujua Kiswahili, na ndiye angekuwa kiongozi wangu na mkalimani.

Tulitembea. Mvua za mwanzo wa mwaka zilikuwa zimenyesha na majani mafupi yalikuwa yametandaa pande zote kama mkeka usio na mwisho. Nyumbu walikuwa wanazaa. Ulimwona ndama ameanguka chini, ukitazama tena amesimama, ukitazama mara ya tatu anakimbia. Mashariki, mlima Oldoinyo Lengai ulikuwa umesimama peke yake, rangi ya moshi. Nilitembea kama mtu asiyegusa ardhi. Nilijiona nimekuwa mtu mkubwa, watoto wa nchi nzima ile wakiniita kwa jina. Ujana una ulevi wake, mwanangu, na hauhitaji pombe.

Alasiri tulifika boma moja la njiani, ambako tungepumzika hadi kesho yake. Wasichana waliokuwa wanakama mbuzi walitukodolea macho. Mmoja, mrefu, mwenye shanga nyeupe shingoni, alimuuliza Saitoti kitu, Saitoti akacheka.

"Anauliza, huyu Mmbulu amebeba nini ambacho hataki kukiweka chini?"

Ningeweza kujibu kwa mdomo. Lakini nilifungua kifuniko.

Baridi ilipanda kama pumzi. Nilivunja kipande cha barafu nikakiweka kwenye kiganja cha yule msichana, naye akapiga kelele, akakihamisha mkono huu na huu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mvua ya mawe imefugwa sandukuni!" walisema. Kila mtu akataka kugusa. Jua lilipoanza kuinama wanaume walirudi na ng'ombe, nikafungua tena. Kisha akaletwa mzee mmoja asiyeona vizuri, ili naye ashike, nikafungua mara ya tatu. Kila mara kifuniko kilibaki wazi huku mimi nikisimulia habari za Arusha na makabati yanayotengeneza baridi. Jioni yote ile ilikuwa tamu. Nasema kweli, sijapata kuwa na jioni tamu kama ile, na sijapata kuijutia jioni nyingine kama ile.

Asubuhi nilipoinua kisanduku nilisikia maji yakicheza ndani. Niliingiza mkono. Yalikuwa na uvuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Saitoti alichungulia. "Dokta, hii imeisha."

"Naona."

"Si uliniambia njiani kwamba ikiisha tunarudi?"

Nilitazama tulikotoka, nikatazama tulikokuwa tunakwenda. Nilimwona Mama Paskalina akiniuliza imekuwaje, na mimi nikimjibu kwamba niliigawa barafu kwa wasichana. Niliona akina mama wa Piyaya wamekusanyika bure. Aibu ikanishika.

"Labda chupa za katikati bado ni nzima," nikasema. "Twende."

Labda. Mwanangu, neno lile ni mlango mdogo sana, lakini nimeona uongo mkubwa ukipita humo bila hata kuinama.

Tulipofika Piyaya, akina mama walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta wa boma kubwa, watoto wamewajaa mapajani. Waliitwa na bibi mmoja ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wazee wengi wa kiume. Jina lake Naserian, na wote walimwita Koko, yaani bibi. Saitoti aliinamisha kichwa mbele yake, naye akakigusa kwa kiganja. Nami nikainamisha changu, akakigusa vilevile, kama mjukuu wake. Kisha akaniuliza kitu kwa sauti ya upole.

Saitoti akatafsiri. "Koko anasema amesikia dawa hii husafiri na baridi yake. Anauliza, imefika nzima?"

Saitoti alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi, sasa najua.

"Imefika nzima," nikasema.

Alitafsiri huku ametazama chini. Koko akamchukua mjukuu wake Nashipai, mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akawa wa kwanza kumleta. Alisema wengine wakiona bibi haogopi, nao hawataogopa. Halafu akaongeza neno ambalo lingetosha kunizuia kama ningekuwa na moyo uliokomaa.

"Huku kwetu hatutaji mama ana watoto wangapi mpaka surua ipite. Leo nimewaambia mabinti zangu, mkitaka, tajeni."

Nilidunga mpaka chupa ya mwisho. Wakaimba. Wakanipa maziwa kwenye kibuyu, nikayanywa yote. Niliporudi Karatu nikaandika kwenye daftari kwamba watoto wote wa Piyaya wamechanjwa, na Mama Paskalina akanipongeza.

Kiangazi kiliingia. Siku moja, kahawa ikiwa imeiva mashambani, mtu mmoja aliletwa zahanati na lori la mahindi, midomo imepasuka kwa vumbi. Alisema surua imeingia Piyaya. Mama Paskalina aliweka kalamu chini taratibu.

"Piyaya? Bura, si ulikwenda wewe?"

"Nilikwenda, Mama."

"Barafu ilifika?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale, mbele ya meza ile, bila mtu kunipigia kelele. Mama Paskalina alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa.

"Pakia dawa za macho na za kifua," alisema. "Tunakwenda wote."

Nyanda zilezile zilikuwa zimekauka, nyumbu wamehama, upepo unabeba vumbi jeupe. Piyaya haikuwa na nyimbo. Ulichosikia ni kikohozi nyuma ya kuta, na kikohozi kingine kikijibu. Katika boma la Koko, watoto wawili walikuwa wameshaondoka duniani. Nashipai alikuwa hai, amelala mapajani kwa bibi yake, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na utando mweupe. Mama Paskalina alipiga magoti akaanza kumsafisha jicho.

Mimi niliinamisha kichwa mbele ya Koko. Niliinama muda mrefu. Mkono haukuja.

Alimgeukia Saitoti kwanza. Akamwambia, "Usiyalainishe maneno yangu. Mpe kama yalivyo." Kisha akanitazama.

"Kijana, ulikuja hapa na maji?"

"Ndiyo, Koko."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akina mama waliokuwa karibu waliwavuta watoto wao mapajani. Nilitamani wanipige.

"Ungetuambia imekufa," alisema Koko. "Ungesema tu, mama zangu, dawa imefia njiani, nisubirini nirudi. Sisi ni watu wa ng'ombe, tunajua kusubiri. Tumesubiri mvua, tumesubiri majani, hata wewe tungekusubiri. Surua ikija boma la jirani, siku zote huwa tunawatenga watoto wetu. Safari hii hatukuwatenga. Tulisema wetu wamekingwa, waache wacheze. Tulikuwa na hofu yetu, kijana, na hofu ile ilikuwa ukuta. Ulikuja ukaubomoa, hukutuachia kitu mahali pake."

Alimfunika mtoto vizuri kwa shuka. Akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Au ulifikiri sisi wa mwisho wa njia tunatoshwa na chochote kilichobaki?"

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya wanawake na mbele ya mwenzangu Saitoti, na sikuona haya. Haya yangu nilikuwa nimeimaliza mahali pasipohitajika. Mama Paskalina alisimama, akafuta mikono yake.

"Koko," alisema, "huyu ni mikono yangu. Kosa ni la zahanati nzima. Nakuomba radhi kwa watoto wako."

Koko alielekeza kidole upande wa nyanda. "Wapo ambao surua haijawafikia, katika maboma ya mbali," alisema. "Basi mikono yako irudi. Na safari hii ije na dawa."

Njiani kurudi nilimwambia Mama Paskalina naacha kazi, nakwenda kulima vitunguu na baba yangu Baray. Alicheka kicheko kikavu. "Ukiacha, atakayepumzika ni wewe. Watoto wa maboma ya mbali watapata nini? Utarudi." Alipeleka habari wilayani yeye mwenyewe, akaeleza kila kitu bila kuficha jina langu wala lake. Nilionywa kwa barua, nikaachwa kazini chini ya mkono wake.

Nilirudi kabla mwezi haujaisha. Kisanduku nilikifunika kwa gunia lililolowa maji. Tulitembea alfajiri na jioni, mchana tukajificha ndani ya korongo lenye kivuli. Boma lile la njiani tulilipita kwa mbali. Yule msichana wa shanga nyeupe alitupungia mkono, nami nikapunga bila kusimama. Tulipofika Piyaya, Koko alikataa mtoto yeyote asogee. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akauzamisha kwenye barafu, akauacha humo mpaka uso wake ukakunjamana kwa maumivu ya baridi. Ndipo akaitikia kwa kichwa. Miaka yote iliyofuata alifanya hivyo, na sikupata kumwona kama ananikosea adabu.

Kisha ikaja miaka ya themanini na shida zake. Sabuni ilikuwa haba, nguo haba, sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Hata hivyo katika miaka ile ya upungufu watu wa Piyaya walijenga chumba cha mawe. Wanawake walibeba mawe kwa punda, wanaume wakashindana nani atapandisha ukuta, na Koko, mgongo umepinda tayari, akisimamia kama fundi mkuu. Ndani tukaweka friji la mafuta ya taa, lenye mwali mdogo wa buluu usiozimwa. Niliomba nihamishiwe pale. Nilikaa miaka mingi.

Sasa sikia nilichokiona, maana hiki ndicho nilitaka ukijue. Watu wa kawaida wakipata tiba karibu, wote bila kuchaguliwa, mabadiliko hayaji na ngoma. Yanaingia kama umande. Mama alikuja na mtoto siku ya kwanza ya kikohozi, badala ya siku ya mwisho. Mwenye mimba aliacha kumuaga dada yake kana kwamba anakwenda vitani. Mchungaji aliyeumwa na nyoka alibebwa mwendo wa saa moja tu, akarudi na miguu yake. Mzee mmoja aliyeficha kidonda chini ya shuka kwa mwaka mzima alikuja kukifunua, kwa sababu jirani yake alikifunua chake na hakuchekwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ni nani aache kuficha kama hakuna pa kuonyesha? Benchi lilikuwa moja. Aliketi mwalimu, akaketi mke wa mfugaji, akaketi kibarua wa Dodoma aliyekuja kuchimba lambo. Aliyezidiwa ndiye aliyeanza.

Na jambo moja lilinijia polepole sana kabla sijaling'amua. Akina mama walianza kutaja idadi ya watoto wao. Ukiwauliza walikujibu, bila kushusha sauti. Wakaanza kupanga mambo ya mwaka kesho na wa kesho kutwa: huyu atakwenda shule, yule atabaki na ng'ombe, huyu mdogo tutaona. Wazazi waliacha kuishi kama watu wanaoazimwa watoto.

Nashipai alikua na jicho moja. Alikuwa hodari, mcheshi, mkali kwa mbuzi. Alipoleta mtoto wake wa kwanza kuchanjwa, Koko alikuwa ameshafariki. Nilimwomba abaki baada ya wengine kuondoka. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba jicho lake lilipotea kwa sababu yangu, nikamweleza habari ya barafu tangu mwanzo hadi mwisho.

Alinisikiliza huku akimnyonyesha mtoto.

"Koko aliniambia nikiwa mdogo," alisema. "Aliniambia yote."

"Na bado unaniletea mtoto wako?"

"Aliniambia pia kwamba ulirudi."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Nilikaa pale nikitazama nyanda mpaka vivuli vya mawingu vikapita vyote.

Siku hizi, mwanangu, nasikia redioni wanazungumza habari ya matibabu kwa kila Mtanzania. Moyo wangu hufurahi kama wa mtu anayesikia jina la rafiki wa zamani. Labda wewe ndiwe utakayebeba kisanduku, au utakayeandika daftari, au utakayeketi ofisini ukiamua dawa iende wapi. Basi nisikilize. Ukisema "kwa wote," anza kumfikiria aliye mwisho wa njia, maana aliye karibu atajikumbusha mwenyewe. Usimpelekee wa mbali kilichochoka ukasema angalau amepata. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, aibu ikiwa bado ndogo. Ukiificha itakua, na itakula wasiohusika. Usimwondolee maskini hofu yake kabla hujampa kinga ya kweli. Na ukishakosea usikimbie. Anayestahili kuona kosa lako likirekebishwa ni yule uliyemkosea, naye haendi popote.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mikono mikweli na miguu isiyochoka kurudi. Njia yako iwe na maji, wazee wakukute kichwa kimeinama nao wakiguse, na watoto wa nyumba yako watajwe kwa idadi yao, mmoja mmoja, mchana kweupe, bila woga.